Jiwe Jeusi la Kericho, Jiwe Jeupe la Mombasa

Kericho

Chini ya chai ya Kericho kuna jiwe jeusi linalolia. Wanajiolojia huliita fonolaiti. Ni zito, limekazana, na bapa lake likigongwa kwa nyundo hutoa mlio mkavu wa juu, mlio wa chuma. Mgeni hulisikia kabla ya kuliona, maana kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Litein wapo watu wanaoponda kokoto, na asubuhi, kabla malori hayajawa mengi, mlio huo hufika mbali.

Nilisimama kwa mmoja wao, mama mtu mzima aliyekuwa amekalia gunia chini ya mkaratusi, miguu kainyoosha, rundo la mawe upande mmoja na kokoto upande wa pili. Nilimsalimu kwa Kikipsigis changu cha kuokoteza, "Chamgei, kogo." Akaitikia, kisha akahamia Kiswahili kwa kunionea huruma. Alikuwa akiligonga kila jiwe mara moja kabla ya kulivunja. Mengine aliyatupa nyuma yake.

"Hayo unayoyatupa yana nini, kogo?"

"Hayalii. Jiwe likinyamaza limeoza ndani. Mwenye lori hataki."

Nikamwambia kwetu Mombasa mawe ya kujengea hayalii kabisa, tunayakata kwa msumeno. Akasimamisha nyundo.

"Basi hayo si mawe, mwanangu. Hizo ni mbao."

Huko kuoza alikokutaja ndiko kunakolisha kaunti mbili, Kericho na Bomet. Mahali barabara ilipokatwa kwenye kilima unaona habari yote kwenye ukuta mmoja: chini kabisa mwamba mweusi mzima, juu yake mwamba uliomenyeka maganda ya rangi ya manjano, ambao kucha inatosha kuukwangua, na juu zaidi udongo mwekundu, mita nyingi zake, hadi kwenye mashina ya chai. Mvua ya Kericho ni ya karibu kila alasiri, na kwa mamilioni ya miaka imekuwa ikisafisha chumvichumvi zote kutoka kwenye lile jiwe na kuacha udongo mfinyanzi wenye chuma na tindikali. Mahindi hayaufurahii udongo huo mpaka utiwe chokaa. Chai ndiyo inayoutaka vivyo hivyo. Mizizi yake hushuka mita kadhaa bila kugonga mwamba, ndiyo maana kiangazi kikija majani ya kwenye mabonde na ya kwenye migongo ya vilima yanabaki kijani kimoja.

Msafiri aliyesoma kwamba hii ni nchi ya volkano huanza kutafuta mlima uliolipuka. Hapa mjini hauoni. Kati ya miaka milioni 14 na 11 iliyopita lava ya fonolaiti ilibubujika kutoka kwenye nyufa karibu na mahali lilipo Bonde la Ufa leo, ikatambaa pande zote mbili na kujaza mabonde ya zamani, tabaka juu ya tabaka. Hakukuwa na kilele cha kupiga picha, ila nchi nzima ilifunikwa. Vilima vya chai unavyoviona leo vilichongwa baadaye na mito.

Lakini lava peke yake haikuleta chai. Kilicholeta chai ni kimo. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kama nyuzi 6. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria unapanda mteremko huu, unapoa, unamwaga mvua, mara nyingine mvua ya mawe inayopukutisha majani ya chai kwa robo saa na kumharibia mkulima mwezi mzima. Ondoa kimo, ubaki na jiwe lilelile: utapata joto na miwa, kama ilivyo huko chini Muhoroni.

Sasa kimo hicho kilitoka wapi? Jibu lililonipendeza kuliko yote halikutoka Kericho. Lilitoka Turkana, mahali paitwapo Loperot, ambako mwaka 1964 ulifukuliwa mfupa wa fuvu la nyangumi. Nyangumi, Turkana. Mfupa ukapelekwa Marekani, ukapotelea kwenye ghala kwa miongo kadhaa, ukapatikana tena mwaka 2011. Una umri wa miaka milioni 17. Mnyama huyo alipotea njia kutoka Bahari ya Hindi akapanda mto mpana uliotulia, na nyangumi hapandi maporomoko. Kwa hiyo nchi aliyopita ilikuwa tambarare, ya chini, makumi machache tu ya mita juu ya bahari. Leo mahali hapo pako kilomita 740 kutoka pwani, mita 620 juu. Baada ya nyangumi yule kufa, nchi ilianza kuinuka.

Mwamba wa moto kutoka kina kirefu ulikuja kusukuma gamba la dunia kutoka chini, na gamba likavimba kama andazi kwenye mafuta. Andazi likivimba sana hupasuka kwa juu. Mpasuko wetu ni Bonde la Ufa, na fonolaiti ya Kericho ni sehemu ya kilichotoka wakati wa kuvimba huko, miaka milioni chache baada ya nyangumi. Mtu akiniuliza kama Kericho ina uhusiano wowote na bahari, nitamwonyesha huyo nyangumi.

Bomet

Ukishuka Litein, Kapkatet, mpaka Kaplong, kisha ukashika barabara ya Bomet, chai inaendelea lakini sura inabadilika. Huko Kericho kuna mashamba makubwa yaliyoanzishwa na makampuni miaka ya 1920, nyasi zake zimekatwa, mabango yamepakwa rangi. Huku ni ya wenyewe: nusu ekari ya chai, ng'ombe watatu, mahindi, safu ya mikaratusi, na banda la kituo cha kununulia majani ambapo watu hukaa na vikapu vyao wakisubiri lori la kiwanda na kuzungumza bonasi. Kuelekea Longisa na Mulot nchi inashuka na kukauka, na chai inakoma. Inakomea palepale mvua inapokomea.

Pale Tenwek mto Nyangores unaruka juu ya mwamba wa volkano na kutoa poromoko ambalo hospitali ya karibu hulitumia kuzalisha umeme wake. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nyangores huungana na Amala na kuwa Mara, Mara hupita Serengeti na kuingia Ziwa Viktoria. Mito ya upande wa Kericho nayo, Itare, Kiptiget na wenzao, huingia Sondu na kufikia ziwa lilelile. Kwa sababu ya jinsi nchi ilivyoinuka na kuinamia magharibi, majani ya chai ya hapa huenda Mombasa lakini maji yaliyoyakuza huenda Misri.

Kuna jambo ambalo siwezi kupita hapa bila kulitaja, ingawa si la mawe. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wa ukoo wa Talai kutoka nchi hii ya Wakipsigis na kuwahamishia Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Milima ya Gwassi ni mabaki ya volkano nyingine kubwa iliyokufa, Kisingiri. Kutoka volkano hadi volkano, lakini Gwassi ilikuwa nchi ya joto, mbung'o na malaria. Ramani ya jiolojia haionyeshi tofauti hiyo.

Koru na Fort Ternan

Kaskazini mwa Kericho nchi huporomoka kuelekea bonde la miwa, na huko ndiko uliko mlima unaostahili kuitwa mlima wa volkano, Tinderet, mkongwe kuliko fonolaiti ya chai. Miguuni pake, Koru, wanachimba chokaa. Mtu wa Pwani akisikia chokaa anafikiria bahari: matumbawe, makombe, tanuri la kuchomea. Nilipofika nilitafuta kwa macho dalili ya kombe hata moja kwenye lile jiwe jeupe. Hakuna, kwa sababu chokaa ya Koru haikutoka baharini. Ilitoka tumboni mwa volkano.

Zipo volkano chache duniani zinazotapika kaboneti badala ya lava ya kawaida, na Afrika Mashariki ina nyingi kuliko kwingine. Aliye hai ni mmoja, Ol Doinyo Lengai nchini Tanzania, ambaye lava yake ni nyeusi ikitoka na hugeuka nyeupe ikikutana na unyevu wa hewa. Koru ni mwenzake wa zamani. Kwa hiyo mkulima wa mahindi wa Bomet anayenunua gunia la chokaa kupunguza tindikali ya udongo uliotokana na volkano moja, anaponya shamba kwa jiwe la volkano nyingine.

Chokaa ya aina hiyo ndiyo iliyohifadhi mifupa ya Fort Ternan, ndani ya Kaunti ya Kericho. Udongo mwekundu wa chai humeza mifupa, tindikali huila. Majivu ya Tinderet yenye chokaa yaliifunika na kuitunza. Mwaka 1961 Louis Leakey alichimba hapo, katika shamba la Fred Wicker, na kupata taya la nyani wa kale wa takriban miaka milioni 14, akamwita Kenyapithecus wickeri kwa heshima ya mwenye shamba. Pamoja naye wakatoka swala na twiga wa zamani. Mahali penyewe ni mteremko mdogo tu na majani. Kama hujaambiwa, utapita.

Njiani

Chai ya Kericho husafiri kwenda Mombasa kwa barabara ileile yetu sisi wasafiri, na kwenye barabara hiyo kuna kitu ambacho abiria wengi hulala wakati wa kukipita. Ukishapita Kibwezi kuelekea Mtito Andei, tazama kushoto, ng'ambo ya mto Athi. Upeo wa macho umenyooka, mstari mmoja bapa ambao haukatiki. Huo ni uwanda wa Yatta. Ni fonolaiti pia, ya miaka milioni 13.5 hivi, ya kizazi kimoja na ya Kericho. Ile ya Kericho ilielekea magharibi. Hii ilielekea baharini. Ilitambaa takriban kilomita 300, mojawapo ya mito mirefu kabisa ya lava inayojulikana duniani, hadi ndani ya Tsavo Mashariki.

Na ilitambaa ndani ya bonde. Lava ilifuata mkondo wa mto wa kale, ikaganda humo. Kisha mvua ikala nchi laini ya kandokando, mwamba mgumu ukabaki, na kilichokuwa kitako cha bonde sasa ndicho kilele. Wataalamu walipima pia jinsi lava ilivyotiririka, unene wake na upana wake, wakakadiria mwinuko wa nchi wakati ule, na wakaona kwamba kufikia wakati huo nyanda za juu zilikuwa tayari zimeinuka mno. Nyangumi anasema kabla ya miaka milioni 17 hakukuwa na kimo. Yatta inasema kufikia milioni 13.5 kimo kipo. Ushahidi wa mahakamani mara nyingi huwa hafifu kuliko huo.

Lava ile haikufika pwani. Chai inafika.

Mombasa

Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 na ukahamia Mombasa mwaka 1969. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko hupitia hapo. Kutoka kwenye magodauni ya chai hadi Fort Jesus ni mwendo mfupi wa tuktuk, na huko ndiko nilikolipeleka neno la yule kogo wa kokoto, kwamba mawe yetu ni mbao.

Katika Mji wa Kale tafuta ukuta ambao lipu imebanduka. Sogea mpaka pua ikaribie jiwe. Utaona vijitundu vya duara vilivyopangwa kwa karibu, na ndani ya kila kimoja kuta nyembamba zinazotoka katikati kwenda ukingoni. Kila kijitundu kilikuwa nyumba ya kiumbe mmoja wa tumbawe. Pembeni pana kipande cha kombe, na mchanga ulioshikamana. Wareno walipoanza Fort Jesus mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, walichimba handaki ndani ya mwamba huo huo na kuta wakazikalisha juu yake. Hadi leo nyumba nyingi za Pwani hujengwa kwa matofali yanayokatwa kwenye timbo za Kilifi. Kwa jinsi ile, mama wa Litein alikuwa karibu na ukweli: hicho ni kitu kilichoota.

Kiliota ndani ya maji. Sasa kiko juu ya maji, na hapa ndipo kila msimulizi ana lake. Vijana wanaotembeza wageni ufukweni, kuanzia Nyali hadi Watamu, huonyesha majabali yaliyolika chini na kubaki na vichwa vipana, na kusema yaliinuliwa na volkano za chini ya bahari. Ni hadithi nzuri na wageni huipenda. Mimi siikubali. Mwamba wa matumbawe wa pwani hii kwa sehemu kubwa una umri wa takriban miaka 125,000, na wakati ule barafu ya dunia ilikuwa imeyeyuka kuliko leo, hata bahari ikasimama kati ya mita 6 na 9 juu ya ilipo sasa. Pwani nyingine tulivu za dunia zina matumbawe ya umri huo katika kimo kama hicho. Haikuwa lazima nchi ipande. Bahari ilishuka.

Tena ilishuka sana. Miaka 20,000 iliyopita ilikuwa chini ya ilipo leo kwa takriban mita 120, na mito ikachimba mabonde kuifuata. Barafu ilipoyeyuka maji yakarudi na kuyafurika mabonde hayo. Ndiyo hayo Kilindini na Tudor. Meli inayopakia chai ya Bomet imetia nanga ndani ya bonde la mto lililozama. Na yale majabali ya vichwa vipana yanachongwa hata leo, maji yakijaa na kupwa, bamvua kwa bamvua: mawimbi yanapiga, chumvi inakula, konokono wa mwambani wanakwangua mwani pamoja na jiwe lenyewe.

Anayetaka kuinuka kwa nchi kwenye Pwani aende bara kidogo, Kaya Kambe au Cha Simba, nyuma ya Kilifi, akaone majabali ya chokaa yaliyotua chini ya bahari ya zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, na leo yamo msituni juu ya vilima. Na anayetaka volkano aende Kwale. Kilima cha Jombo ni ndugu wa fonolaiti ya Kericho aliyepoa kabla ya kufika juu, madini yaleyale yakiwa na chembe kubwa. Jirani yake Mrima, msitu mwingine mtakatifu wa kaya, ni wa jamii ya Koru. Ni wa zamani sana, wa enzi za dinosaria, na wala hawakuhusika na ufuo wa Nyali. Ila nilifurahi kukuta Pwani ina sampuli ya vyote viwili nilivyoviacha milimani.

Ng'ambo

Volkano ya chini ya bahari tunayo kweli, ila si Mombasa. Iko Komoro, ambako Wangazija wa Mombasa wana jamaa. Visiwa vyote vile ni volkano zilizopanda kutoka sakafu ya bahari, na Karthala ya Ngazidja, mita 2,361, ingali hai. Mahali pengi ufuo wake ni lava nyeusi inayokutana moja kwa moja na maji.

Mei 2018 Mayotte, kisiwa kingine cha kundi hilo, ilianza kutetemeka. Tarehe 15 mwezi huo likapiga tetemeko la 5.9, yakafuata mengine maelfu. Tarehe 11 Novemba vipimo vya mitetemo vilinasa mvumo wa chini uliodumu kama dakika 20 na kuzunguka dunia; vya Kenya navyo viliunasa. Hakuna mtu aliyeusikia kwa masikio. Mei 2019 meli ya watafiti wa Ufaransa ikakuta, kilomita 50 mashariki ya kisiwa, mlima ambao haukuwepo: mita 820 kutoka sakafu ya bahari, na kilele chake bado kiko zaidi ya kilomita mbili chini ya maji. Ukaitwa Fani Maoré. Karibu zaidi na kisiwa, watafiti walivua vipande vya volkano nyingine kutoka sakafuni. Kati yake palikuwa na fonolaiti.

Fani Maoré imetoa zaidi ya kilomita 5 za ujazo za lava, kiasi kikubwa mno kwa mlipuko wa siku zetu. Ile iliyofunika Kericho na majirani zake ilikuwa maelfu. Na ufuo wa Mayotte haukupanda. Ujiuji ulipotoka kwenye hifadhi yake kilomita nyingi chini ya sakafu ya bahari, kilichokuwa juu yake kilikosa egemeo, kisiwa kikasogea mashariki takriban sentimita 20 na kuzama kati ya sentimita 10 na 20. Katika sehemu za chini za Petite-Terre, kisiwa kidogo cha Mayotte, maji ya bamvua sasa yanafika mahali ambapo zamani yalikuwa hayafiki.